Nuru Iliyotumwa Majini

Katika mwaka 1860, huko Dürkheim, mji mdogo wa Ujerumani uliosifika kwa chemchemi zake za maji ya chumvi, ambayo wagonjwa waliyaendea kutoka mbali wayanywe na kuyaoga kwa kutaraji shifaa, yalichotwa maji yapatayo lita 44,000, yakachemshwa siku nyingi mpaka yakabaki mashapo mazito ya chumvi, na katika chumvi hizo, baada ya kuondolewa kila kilichojulikana jina lake, zikapatikana gramu saba na ushei za chumvi ya kitu ambacho hapana mwanadamu aliyekwisha kukitambua. Aliyeamrisha kazi hiyo alikuwa Robert Bunsen, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Heidelberg. Na kilichomtia yakini hata akathubutu kuyachemsha maji mengi kiasi hicho hakikuwa ladha, wala uzani, wala harufu, bali mistari miwili ya buluu aliyoiona alipolitia tone la maji hayo, yaliyokwisha kupunguzwa kwa moto, katika ulimi wa taa yake, na kuutazama moto ule kwa kupitia mche wa kioo. Mistari hiyo haikuwa ya chumvi yoyote aliyoijua. Akahukumu ya kuwa majini mna metali mpya, akaiita siziamu, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya buluu ya mbingu. Na sisi Waswahili hatupati taabu ya kulifahamu jina hilo, maana rangi hiyo hiyo tumeiita samawati, nasi pia tumelitoa jina lake mbinguni.

Msomaji na alishike jambo hili tangu mwanzo: metali ya kwanza kugunduliwa kwa nuru iligunduliwa ndani ya maji. Maji ndiyo yaliyoufungua mlango wa elimu hii. Na maji hayo hayo, miaka mia moja baadaye, binadamu alipokwisha kupata nuru kali kushinda zote zilizopata kuwashwa duniani, ndiyo yaliyogeuka kuwa mkaidi wa mwisho, yakawa hayataki kusema yanachokificha illa kwa hila na subira.

Bunsen hakuwa mtu aliyeijua sumu kwa kusoma vitabuni. Katika ujana wake alijishughulisha miaka kadha wa kadha na michanganyiko ya aseniki, kitu ambacho wanakemia hukiweka baina ya metali na visivyo metali, lakini matabibu hukihesabu pamoja na metali nzito kwa sababu ya madhara yake. Na siku moja chombo kikapasuka mbele ya uso wake, kipande cha kioo kikampiga jicho la kulia likapofuka, na mvuke alioupumua ukamlaza kitandani baina ya uhai na mauti. Kabla ya msiba huo, mwaka 1834, yeye pamoja na tabibu mmoja aitwaye Berthold walikuwa wamekwisha kuthibitisha ya kuwa kutu ya chuma iliyochanganywa na maji huishika aseniki tumboni na kumwokoa aliyeinywa. Basi aliyeinama juu ya darubini huko Heidelberg alikuwa mtu mwenye jicho moja, naye alikuwa amelitoa jicho la pili kwa sumu ya namna ile ile ambayo elimu yake ingekuja kuwasaidia watu kuitambua.

Aliyempa shauri la mche alikuwa mwenzake, Gustav Kirchhoff, bingwa wa fizikia. Bunsen alikuwa akijaribu kuzitambua chumvi kwa rangi zinazoutia moto, kwani chumvi ya jikoni huutia umanjano, shaba huutia ukijani, na potasiamu huutia urujuani hafifu. Naye, ili rangi moja isiifunike nyingine, alikuwa akiutazama moto kwa vipande vya vioo vya rangi. Kirchhoff akamwambia aache vioo, aipitishe nuru ile katika mche, ili kila rangi isimame mahali pake peke yake. Wakatengeneza chombo chao mwaka 1859: sanduku lililotiwa weusi kwa ndani, mche katikati, darubini mbili ndogo ubavuni, na mbele yake taa ya gesi ya Bunsen, ambayo fadhila yake kubwa ni kwamba ndimi zake hazina rangi yake yenyewe. Wakaona ya kuwa kila elementi ina mistari yake, haiazimi wala haiazimwi, mfano wa alama za vidole vya watu. Siku moja walilipua miligramu 3 za chumvi ya sodiamu katika pembe ya chumba, mbali na chombo, wakangoja. Na baada ya dakika chache moto uliokuwa hauna rangi ukaonyesha mstari wa manjano. Walipopiga hesabu ya hewa yote iliyomo chumbani, wakakuta kwamba jicho limetambua sodiamu isiyofikia sehemu moja ya milioni tatu ya miligramu. Husimuliwa pia kwamba usiku mmoja kulizuka moto katika mji wa Mannheim, nao wakautazama kutoka dirishani Heidelberg kwa chombo chao, wakaisoma mistari ya bariamu na strontiamu katika miali ya moto uliokuwa mbali nao mwendo wa saa nyingi kwa miguu.

Ajabu hizo zisimdanganye msomaji. Sodiamu ni karimu kwa nuru. Huitoa kwa moto mdogo, na huitoa kwa wingi. Risasi, zebaki na kadimiamu ni mabakhili. Zinataka moto mkali zaidi, na nuru zinayoitoa aghalabu iko upande wa urujuani na ng'ambo ya urujuani, ambako jicho halifiki. Zebaki, kwa mfano, mstari wake mashuhuri uko katika nanomita 253.7, nao hauonekani kwa macho kabisa. Wa risasi ulio maarufu uko katika nanomita 405.8, ukingoni mwa kuonekana. Maumbile yamefanya hivyo, kwamba chumvi tunayoila ijidhihirishe kwa mwanga wa manjano, na sumu inayotuua ijifiche gizani.

Mistari yenyewe ilikuwa imeonekana zamani kabla ya Heidelberg, lakini kwa upande wa weusi. Mwaka 1801, katika mji wa München, ilianguka nyumba ya fundi wa vioo, ikamfunika kijana yatima wa miaka 14 aliyekuwa akijifunza kazi humo, jina lake Joseph Fraunhofer. Mtawala wa Bavaria mwenyewe akahudhuria uokozi, akamtazama akitolewa hai chini ya vifusi, akamkirimu fedha, na kijana akazitumia kununua vitabu na kujikomboa na kazi ya uanagenzi. Akaja kuwa fundi wa lenzi asiye na kifani. Mwaka 1814, katika kuupima ubora wa vioo vyake kwa nuru ya jua, akaona kwamba upinde wa rangi za jua umekatwa kwa mistari myeusi zaidi ya 500, akaipima mmoja mmoja na kuichora. Hakujua sababu yake, akafa mwaka 1826 hajaijua. Kirchhoff ndiye aliyeifumbua: mvuke wa kitu huimeza nuru ile ile ambayo kitu hicho huitoa kinapounguzwa, na mstari mweusi katika nuru ya jua ni alama ya kitu kilichomo katika hewa ya jua. Kanuni hiyo, kwamba kitu chaweza kutambuliwa kwa nuru inayotoka na kwa nuru inayomezwa pia, ilikaa takriban miaka 90 bila ya kutumiwa sana katika kuzipima metali, watu wote wakishughulika na nuru inayotoka.

Na laiti ingalitumiwa mapema. Tarehe 1 Mei 1956, katika mji wa Minamata huko Japani, tabibu mkuu wa hospitali ya kiwanda kimoja cha kemikali aliarifu serikali ya wilaya kwamba kumezuka maradhi yasiyojulikana: watu walikuwa wakishindwa kutembea, kusema na kushika kijiti cha kulia, na wengi wao walikuwa wavuvi na jamaa zao. Kabla yao paka walikuwa wamekwisha kupatwa na wazimu na kujitupa baharini. Ilitambulikana upesi kwamba sababu ni samaki, na kwamba samaki wamebeba metali nzito. Lakini metali gani? Tope la ghuba ya mji huo, palipomwagwa maji ya kiwanda, lilikuwa na metali za namna nyingi, wataalamu wakaishuku manganisi, kisha seleniamu, kisha thaliamu, na miaka ikapita. Katika Julai 1959 ndipo wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walipoitaja zebaki. Tope la karibu na bomba lilipopimwa likakutwa na zebaki kiasi cha kilo 2 katika tani moja. Miaka mitatu hiyo, watu walikuwa wakiendelea kula samaki. Na serikali haikukiri rasmi mpaka 1968. Nimekitaja kisa hiki kwa makusudi, kwa sababu wako wanaodhani kwamba kuzipima metali majini ni mchezo wa wenye vyuo. Huko Minamata kulikuwa na watu waliokufa katika muda wa kutafuta jina la kitu kilichowaua.

Aliyeirejea kanuni ya Kirchhoff na kuifanya chombo alikuwa Alan Walsh, mzaliwa wa Lancashire aliyehamia Australia kufanya kazi katika maabara za serikali huko Melbourne. Asubuhi ya Jumapili moja, Machi 1952, akiwa bustanini kwake, fikira ilimjia ya kwamba wapimaji wote walikuwa wakikipima kisichofaa: badala ya kuilazimisha metali itoe nuru, afadhali kuipitishia mvuke wake nuru yake yenyewe, itokayo katika taa iliyotengenezwa kwa metali ile ile, na kupima kiasi kilichomezwa. Alichapisha maelezo yake mwaka 1955, na katika miaka michache maabara za dunia nzima, za migodi, za kilimo na za hospitali, zikajaa mashine za namna hiyo. Hata leo, mtu akipeleka chupa ya maji ya kisima chake maabara akataka kujua kama yana risasi, yamkini mashine itakayomjibu ni mjukuu wa fikira ile ya bustanini. Walakini mashine hiyo ina masharti: maji sharti yachotwe, yatiwe tindikali, yafungwe, yasafirishwe mpaka kwenye chumba chenye gesi na umeme na fundi, na jibu hurudi baada ya siku au majuma, ilhali mto haungoji. Hapo ndipo watu walipoanza kuitamani nuru ambayo ingeyaendea maji mahali yalipo.

Asili ya nuru hiyo ni karatasi ya Albert Einstein ya mwaka 1917, aliyoonyesha humo kwamba atomi iliyojaa nguvu, ikipitiwa na mwali wa kadiri yake, huweza kuchochewa itoe mwali mwingine ulio sawa na wa kwanza kwa kila hali. Charles Townes na wenzake waliitimiza kanuni hiyo kwa mawimbi ya redio mafupi mwaka 1954, na katika 1958 yeye na Arthur Schawlow wakaeleza namna ya kuifanya kwa nuru. Tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu, California, Theodore Maiman aliizungushia fimbo ndogo ya yakuti taa ya kumweta, akaiwasha, na ile yakuti ikatoa mwali mwekundu ulionyooka, leza ya kwanza. Jarida kubwa la fizikia la Marekani likamkatalia makala yake. Likaipokea jarida la *Nature* la Uingereza, likaichapa mwezi wa Agosti. Ilikuwa imetimia karne moja tangu Bunsen aisome mistari yake ya samawati.

Haikupita zaidi ya miaka miwili hivi kabla ya mtu kuielekeza leza kwenye kitu akitazame kikiungua. Mwaka 1962, katika mkutano wa wataalamu wa spektra, yaani nuru iliyotengwa rangi zake, uliofanyika College Park, Maryland, Fred Brech na Lee Cross walieleza jinsi walivyoupiga uso wa kitu kwa leza ya yakuti, ukatoka mvuke mdogo, wakausaidia kwa cheche ya umeme, wakaisoma mistari yake. Katika zama hizo hizo ilipatikana hila ya kuifunga leza isitoke mpaka ijae, kisha kuifungulia kwa ghafla, hata nguvu yote ikatoka katika muda wa sehemu chache za bilioni za sekunde. Nguvu hiyo ikikusanywa kwa lenzi mahali padogo kuliko ncha ya sindano, hapana kitu kinachostahimili. Jiwe, chuma, hata hewa tupu hupasuka ikawa moto mweupe, atomi zikavuliwa elektroni zao, ukapatikana mvuke uitwao plazma, wenye joto la nyuzi 10,000 na zaidi, kupita uso wa jua. Mwanzo wake mvuke huo hutoa mwanga wa rangi zote zilizochanganyika, usiosema neno. Kisha, baada ya sehemu ya milioni ya sekunde hivi, unapopoa, kila atomi huirejea hali yake na kuitoa mistari yake. Hila nzima ya upimaji ni kulifumba jicho la chombo wakati wa mwanga ule wa kwanza, na kulifumbua wakati atomi zinapoanza kujitaja.

Na bado sanaa hii ililala miaka ishirini. Vyombo vilikuwa vikubwa, leza zilikuwa hazina uthabiti, na mashine za Walsh na nyinginezo zilikuwa zikitosheleza haja. Aliyeiamsha hakuwa mtu mmoja bali ni maabara moja, nayo ni ya Los Alamos, New Mexico, palipotengenezwa bomu la kwanza la atomi. Mahali penye metali za sumu na za mionzi, ambazo hapana mtu mwenye akili anayetaka kuzikaribia, palihitaji njia ya kuzipima kwa mbali, bila ya kuzigusa. Tom Loree, Leon Radziemski na David Cremers wakaishika kazi hiyo tangu mwanzo wa miaka ya 1980, wakaipa njia hiyo jina inalojulikana nalo mpaka leo, wakaitumia kwanza kuitafuta beriliamu katika hewa, metali ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Kisha, mwaka 1984, Cremers, Radziemski na Loree wakachapisha makala yao juu ya vimiminiko, na hiyo ndiyo mara ya kwanza cheche ya leza kutiwa majini kwa nia ya kuyahoji ipasavyo.

Majibu ya maji yalikuwa ya ukali. Ukiupiga uso wa maji kwa leza, maji huruka. Matone huichafua lenzi, mawimbi huuhamisha uso, na pigo la pili haliangukii mahali palipoangukia la kwanza. Ukisema basi nitaipeleka cheche ndani ya maji yenyewe, mbali na uso, unakuta balaa kubwa zaidi: mvuke wa moto unaoweza kupanuka hewani kwa raha zake, majini hubanwa kila upande, joto lake hunyang'anywa mara moja, huzimika kabla haujapoa kwa utaratibu, na mistari yake, ambayo hewani ingekuwa myembamba na bayana, hutandaa na kufifia mpaka ikafanana na mwanga mtupu. Nuru nyingi sana iliyotumiwa huenda katika kuyachemsha na kuyapasua maji, si katika kuihoji metali. Moto na maji ni mahasimu tangu kale, na hapa uhasama wao ulisimama mbele ya mizani ya mwanachuoni.

Hila waliyoitumia wale watu wa Los Alamos ni nzuri mno, nami naihesabu kuwa kilele cha kisa hiki chote. Waliona kwamba pigo la leza majini huacha nyuma yake povu la mvuke, ambalo hupanuka kwa muda wa makumi au mamia ya sehemu za milioni ya sekunde, kisha hujifunga. Basi wakatuma mapigo mawili yaliyofuatana: la kwanza si la kupima, ni la kujenga chumba, la pili huingia katika chumba hicho cha mvuke kingali wazi, likawasha moto wake humo kama kwamba uko hewani. Mistari ikasimama. Metali ambazo pigo moja halikuzionyesha kabisa zikajionyesha kwa mapigo mawili, na zile zilizotaka ziwe nyingi ndipo zionekane zikatambulikana kwa kadiri ndogo zaidi. Yaani walipokwisha kuona kwamba maji hayashindwi kwa nguvu, wakaujengea moto nyumba ndani ya maji.

Waliokuja baadaye wakafuata njia mbalimbali, kila mmoja akijaribu kuyaondolea maji umaji wake. Wako walioyatoa kwa mchirizi mwembamba, leza ikaupiga mchirizi unaokimbia, na matone yakaenda zake. Wako walioyagandisha wakaipiga barafu. Wako waliolidondosha tone juu ya karatasi ya kuchujia, au bati la alumini, au makaa, likakauka, wakaipiga chumvi iliyobaki. Katika China, mwaka 2008, watafiti walikichovya kipande chembamba cha mti katika maji, kikanywa, kikakaushwa, kikapigwa leza, na risasi, shaba, kromiamu na nyinginezo zikasomeka katika kadiri za chini ya miligramu moja kwa lita. Nami katika njia zote hiyo ndiyo inayonipendeza kuliko nyingine, kwa kuwa mti ni kitu kisicho na bei, na sifa yake ya kunywa maji ni ile ile inayojulikana na kila fundi seremala na kila nahodha wa jahazi. Wengine wakapitisha umeme katika maji, metali zikaenda zenyewe kujibandika juu ya kipande cha metali safi, wakazikusanya hapo na kuzipiga. Na kwa njia hiyo wameshuka hadi mikrogramu kwa lita, hata chini yake.

Wakati huo huo leza ilikuwa ikishangiliwa kwingine. Agosti 2012 chombo cha Marekani kiitwacho Curiosity kilitua katika sayari ya Mars, kikiwa na leza iliyotengenezwa kwa ushirika wa Los Alamos na Wafaransa, yenye uwezo wa kuyapiga mawe yaliyo umbali wa mita 7. Na tarehe 19 ya mwezi huo ikapiga jiwe lake la kwanza mara 30 katika sekunde 10, na habari zake zikafika duniani. Karibu na wakati huo Wajapani waliishusha leza zaidi ya mita 1,000 chini ya bahari, wakayahoji maji na miamba kwenye chemchemi za moto za kilindini, ambako mkandamizo wa maji ulikuwa wa kutisha. Nawastahi waliofanya hayo. Lakini kwa hukumu yangu, aliyejua kulisomesha jiwe la Mars hajafanya jambo kubwa kuliko aliyejua kukisomesha kikombe cha maji, maana jiwe hutulia likapigwa, na walioko Mars hawana kiu.

Wala elimu hii haikubaki mikononi mwa watu wa Magharibi na Mashariki ya mbali. Mkutano wa kwanza wa kimataifa juu ya njia hii ulikutanika karibu na Pisa, Italia, mwaka 2000. Na mwaka uliofuata, 2001, mataifa ya Ulaya na ya Bahari ya Kati yalikutanika kwa kusudi hilo hilo Cairo, ambako Chuo Kikuu cha mji huo kina taasisi ya elimu ya leza tangu miaka ya 1990. Na katika 2012 mkutano mkubwa wa dunia ulifanyika Luxor. Mji wa Cairo haukuwa mgeni wa elimu ya nuru. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliishi na kufa huko yapata mwaka 1040, naye ndiye aliyebainisha katika *Kitab al-Manazir* ya kwamba jicho halitoi nuru likavigusa vitu, bali vitu ndivyo vinavyoleta nuru jichoni. Husimuliwa juu yake kwamba alikwenda Misri kwa kuwa alidai aweza kuyatawala maji ya Nile; alipoupanda mto na kuyaona maji yenyewe akatambua kwamba hawezi, na kwa kuiogopa ghadhabu ya Khalifa al-Hakim akajitia wazimu, akafungiwa nyumbani. Kwetu Afrika ya Mashariki, Chuo Kikuu cha Nairobi kina wanafizikia waliokwisha kuishika njia hii ya leza na kuiunganisha na hesabu za kompyuta, ili mashine ifundishwe kuisoma mistari iliyochanganyika ambayo jicho la mtu huchoka kuitenga.

Na haja yetu ni kubwa. Katika Geita, Chunya na kandokando ya Ziwa Viktoria, wachimbaji wadogo wa dhahabu huuchanganya mchanga uliosagwa na zebaki, ikaikamata dhahabu. Kisha donge huchomwa, zebaki ikapaa hewani, na ile iliyobaki katika tope la kusafishia hufuatana na maji ya mvua kwenda mitoni. Katika Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza kazi mwaka 2007 kiliwaachia wakazi risasi katika udongo, katika hewa na katika damu; mwanaharakati Phyllis Omido akasimama nao, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa ikahukumu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Tazama na jina lenyewe: lugha yetu imeipa metali hiyo na kile kinachotoka katika bunduki neno moja, risasi, lakini ya bunduki husikika ikija.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa risasi katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita, na wa kadimiamu kuwa mikrogramu 3, na wa zebaki kuwa mikrogramu 6. Cheche ya leza ikitiwa majini peke yake, bila ya kusaidiwa na mti, wala umeme, wala povu la pigo la kwanza, haijaweza kuuona mpaka huo wa risasi. Mara nyingi inachokiona kinahesabiwa kwa miligramu, na miligramu ni mikrogramu elfu. Hayo ndiyo masafa yaliyobakia. Maji yote yale yaliyochemshwa Dürkheim mwaka 1860, lita 44,000, lau yangalikuwa na risasi kwa kadiri ya mpaka huo, wasingalipata ndani yake hata nusu gramu.